Kibarua wa urani apewe karatasi yake

Mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 hakuwa mtu wa kubebeshwa tu. Kabla ya kujitwika frasila mbili za pembe, yaani kilo thelathini na ushei, kutoka Tabora hadi Bagamoyo, alipatana ujira na posho. Posho ikipunjwa njiani, mizigo iliwekwa chini na msafara ukalala palepale.

Tumemkumbuka kwa sababu ya Mto Mkuju, Namtumbo, ambako Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa urani Julai 2025. Kazi za migodini hupita kwa wakandarasi, na chini yao wapo wachomeleaji, mafundi umeme na madereva wa mkataba wa miezi mitatu. Kijana wa Isevya, Tabora, anaweza kupigiwa simu kesho.

Kikomo cha kimataifa cha mionzi kwa mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka. Hesabu hiyo ni ya mwili wake, si ya kampuni. Akihama wakandarasi wanne bila kumbukumbu, kila mmoja atamhesabu kama ndiyo kwanza anaanza. Tena kipimo kinachobandikwa kifuani hakioni vumbi la urani alilolivuta. Hilo hutafutwa kwenye mkojo.

Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania imsimamie kila mkandarasi: siku ya malipo, kibarua, hata wa wiki mbili, aondoke na nakala ya vipimo vyake mkononi. Asiyeitoa asipewe zabuni nyingine.