Mkutano wa Kijiji Ukiitishwa, Twende na Maswali

Ndugu wananchi wa Dimani na Kibiti yote,

Wazee wetu wa delta ya Rufiji hawajasahau habari ya kambamiti. Mwaka 1997 Serikali ilikubali kampuni ya African Fishing Company ianzishe mashamba makubwa ya kufuga kambamiti humu kwenye mikoko ya Rufiji, ingawa Baraza la Mazingira, NEMC, lilishashauri mradi usipite. Je, mvuvi wa delta alionyeshwa makaratasi ya mradi huo? Wanavijiji waliuliza, wakasaidiwa na wanasheria wa mazingira wa LEAT, wakafika hadi Mahakama Kuu. Mashamba yale hayakujengwa.

Sisemi haya kufukua ugomvi. Nasema kwa sababu waliouliza walikuwa watu kama sisi, wenye ngalawa na mashamba ya mpunga.

Siku hizi njia ya kupata majibu imekuwa fupi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakuruhusu kuiandikia ofisi ya umma barua ya kuomba taarifa, nayo inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Na mkutano mkuu ni nani? Ni wewe, mkeo, na kijana wako aliyetimiza miaka 18.

Basi mkutano ukiitishwa, mbona tunamwachia baba peke yake? Mama anayejua zahanati ilikosa dawa gani, aende. Kama anaona haya kusimama, mtoto anayesoma amwandikie swali usiku, asubuhi lisomwe. Na tusiondoke mpaka swali na jibu viingie kwenye muhtasari. Jibu la mdomo, mwenyekiti akibadilika, limepotea.

Tazameni ubao wa matangazo nje ya ofisi ya kijiji. Karatasi ya mapato na matumizi ikikaa miezi, jua linakula wino mpaka tarakimu hazisomeki. Kijana mwenye simu aipige picha siku inapobandikwa, awasomee wazee kijiweni. Ni kazi ya dakika chache, nami naihesabu kuwa utumishi mkubwa.

Mafuriko ya Aprili 2024 yametufundisha taarifa ni kitu gani. Mwenye shamba bondeni anahitaji kujua mapema maji ya Bwawa la Julius Nyerere yanafunguliwa lini, ahamishe watoto na mbegu. Hiyo si siri ya kufungia kabatini.

Yapo maswali mazito zaidi. Azory Gwanda, mwandishi wa habari aliyeandika kutoka hapa kwetu Kibiti, alitoweka Novemba 2017, na mpaka leo haijulikani alipo. Familia yake inangoja jibu. Tuendelee kuuliza pamoja nayo, kwa upole na bila kuchoka.

Nanyi watendaji, wauguzi, walimu, makarani, ni watoto wetu. Mwananchi akija na swali, mpeni kiti. Yapo ya kufichwa, kama siri ya mgonjwa, na hayo tunayaheshimu. Lakini fedha ya kisima ni ya nani kama si ya wanaochota maji?

Karatasi ya mapato na matumizi ya robo mwaka hii imeshabandikwa kijijini kwenu? Kama bado, ibandikwe wiki hii, tuisome.