Sufuria Nayo Ni Kazi ya Jiji

Tangu serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipoanzisha mpango wa Dishi na County mwaka 2023, kuna hoja inayorudiwa kwenye matatu, redioni na hata mezani kwa wasomi: kuwapikia wanafunzi chakula cha mchana si kazi ya jiji. Jiji lizoe taka, lizibue mitaro, liwashe taa za barabarani. Mtoto alishwe na wazazi wake. Wanaosema hivyo si wachoyo. Wengi wao ni watu wanaolipa ada na leseni kila mwaka na bado wanaruka madimbwi kila mvua inaponyesha. Wanastahili kujibiwa kwa hoja, si kwa kejeli.

Kwa ambaye hajauona mpango wenyewe, chakula hupikwa katika majiko makubwa ya pamoja yaliyojengwa sehemu mbalimbali za jiji, kisha hupelekwa kwa magari hadi shule za umma za msingi na za chekechea. Mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani. Gharama iliyobaki hubebwa na kaunti na mshirika wake Food4Education, shirika lililoanzishwa na Wawira Njiru mwaka 2012. Mtoto huvaa bangili ya kielektroniki, huigusisha kwenye kifaa, na kupakuliwa wali kwa maharagwe au ndengu.

Nianze na pingamizi lenye nguvu zaidi, lile la kisheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka shule za msingi mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kaunti imeachiwa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Hilo ni kweli, na anayetaka kulikwepa atafute Katiba nyingine. Hata hivyo, sahani ya maharagwe si somo. Kaunti inayopika haiajiri mwalimu, haitungi mtihani, haibadilishi mtaala. Jedwali hilohilo linaipa kaunti huduma za afya, zikiwemo za afya ya msingi, na sijui afya ya msingi ya mtoto wa miaka saba inaanzia wapi kama haianzii tumboni. Kifungu cha 53 nacho kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi bila kusema kwamba haki hiyo inadaiwa serikali ya ngazi moja tu.

Tena Kifungu cha 187 kinaruhusu ngazi mbili za serikali kukabidhiana majukumu kwa makubaliano, na Nairobi inakijua vizuri. Februari 2020 Gavana Mike Sonko alitia saini, Ikulu, hati ya kuikabidhi serikali ya kitaifa majukumu makubwa ya kaunti, yakiwemo afya na uchukuzi. Ikiwa hospitali za jiji ziliweza kupanda kwenda juu kwa karatasi moja, sufuria haiwezi kukosa njia ya kushuka. Pia nimeona jambo la kuchekesha kidogo: barabara nyingi kubwa za humu jijini hutengenezwa na KURA, mamlaka ya serikali ya kitaifa, lakini bado sijamwona mkazi akilisimamisha tingatinga aulize kama limevuka mipaka ya Jedwali la Nne.

Pingamizi la pili ni la desturi: miji haijawahi kufanya kazi hii. Hapa historia inasema kinyume kabisa. Mwaka 1907 halmashauri ya Bradford, mji wa viwanda vya sufu nchini Uingereza, ilifungua jiko lake la kupikia watoto wa shule. Maofisa wake waliwachukua watoto wapatao 40, wakawapa uji asubuhi na chakula mchana, wakawa wanawapima uzito. Walipokula shuleni uzito ulipanda. Shule ilipofungwa kwa likizo ukashuka. Walipokula tena ukapanda. Mnamo 1920 baraza la jiji la Madras, leo Chennai, liliidhinisha chakula kwa watoto wa shule yake katika mtaa wa Thousand Lights. Wazo hilo likaja kuchukuliwa na jimbo zima, na mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya India ikaamuru kila jimbo liwape watoto wa shule zake za msingi chakula kilichopikwa. Wazo lililoishia kuwa amri kwa taifa zima lilikuwa limeanzia katika baraza la jiji.

Kwa nini jijini? Hapa ndipo penye uzito wa hoja yangu. Njaa ya mjini haifanani na ya shambani. Shambani mvua ikikosekana hakuna chakula. Nairobi chakula kipo kila kona, ila kinanunuliwa kwa fedha taslimu na kwa vipimo vidogo. Mama wa mtaa wa mabanda wa Mukuru hununua kadogo: unga wa leo, mafuta ya kupimiwa, makaa ya mkebe. Anayenunua kwa mkebe hulipa zaidi kwa kilo kuliko anayenunua gunia, na hana njia ya kuepuka kwa sababu mshahara wenyewe huja kwa siku. Tena saa saba mchana hayuko nyumbani. Yuko Industrial Area kwenye kibarua au South B akifulia watu nguo. Mtoto akirudi atakuta kufuli, na njiani amevuka barabara mara mbili. Kumwambia mama huyu “mpikie mwanao” ni kumwagiza awe mahali pawili kwa wakati mmoja. Jiko la jiji linanunua kwa magunia, linapika mara moja kwa maelfu, na linamfuata mtoto alipo. Shilingi 5 haimnunulii mtu shibe popote Nairobi. Huko shuleni inanunua kwa sababu wamenunua wengi pamoja. Huduma ambayo mtu mmoja mmoja huilipia ghali na umma ukaipata kwa nafuu ndiyo hasa tuliyoundia halmashauri za miji, kuanzia mifereji ya maji.

Wapo wanaosema watoto watafuata chakula, si elimu. Nakubali nusu. Watafiti Christel Vermeersch na Michael Kremer, ambaye baadaye alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2019, walilinganisha shule za chekechea za Busia na Teso. Penye uji wa bure mahudhurio yalikuwa juu kwa takriban asilimia 30. Lakini alama za mtihani zilipanda tu pale mwalimu alipokuwa amefunzwa vyema, na uji ulikula muda wa masomo. Kwa hiyo chakula hakifundishi. Kinamleta mtoto darasani, na kinachofuata ni juu ya mwalimu. Hata ile kasoro ya muda inatetea majiko ya pamoja, kwa kuwa kunapopikwa nje ya shule mwalimu habaki kusimamia kuni.

Kuhusu hoja kwamba mpango unawafanya wazazi wavivu sina mengi. Mzazi analipa, na bado ana kiamsha kinywa, chajio na wikendi.

Pingamizi ninaloliogopa mimi mwenyewe ni la kudumu kwa mpango wenyewe. Waliosoma miaka ya themanini wanayakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza 1979 kwa tangazo la Rais Moi. Yalinywewa, yakapendwa, yakafifia katika miaka ya tisini. Yalitegemea neno la mkubwa, na Dishi na County, ingawa ina bajeti, bado inazungumzwa kama mradi wa gavana aliyeuanzisha, Johnson Sakaja. Kisha kuna pengo la pili: mpango ulianzia shule za umma, ilhali watoto wengi wa Kibera na Mukuru husoma katika shule ndogo za binafsi za mabati kwa kuwa za umma ni chache na ziko mbali. Wale maskini zaidi ndio walioachwa nje ya ua. Mpinzani akitaka kuibana kaunti aibane hapo: bunge la kaunti litunge sheria ya lishe ya shule itakayombana gavana yeyote ajaye, makubaliano ya Kifungu cha 187 yawekwe wazi, na shule za mabati ziingizwe katika orodha ya magari ya chakula.