Mishale Katika Jalada

Mwezi wa Aprili 1968 jarida la Marekani liitwalo Esquire lilitoka na jalada ambalo wauzaji wa magazeti hawakulizoea. Muhammad Ali amesimama peke yake, kavaa kaptura nyeupe na viatu vya ngumi, mikono nyuma, na mishale sita imemchoma mwilini, damu ikichuruzika. Tabasamu hapana, wala orodha ya habari zilizomo ndani.

Desturi ya jalada twaijua sote: uso mzuri unaocheka, na ubavuni vichwa vya habari vimesongamana kama abiria wa basi la asubuhi. Desturi hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Waliiweka wenye biashara, ili msomaji apendezwe, asisumbuliwe, kisha anunue yanayotangazwa ndani.

Mwaka 1967 Ali alikataa kuingizwa katika jeshi lililokuwa likipigana Vietnam. Alinyang'anywa ubingwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 5, na wakati jalada lile linapigwa chapa alikuwa bado yumo katika rufani. Hukumu haikufutwa mpaka 1971. Msanifu, George Lois, aliiga picha za kale za Mtakatifu Sebastian, Mkristo aliyepigwa mishale kwa ajili ya imani yake. Ali alikuwa Mwislamu. Lois alisimulia baadaye kwamba bondia huyo alisita, akampigia simu kiongozi wake wa dini, Elijah Muhammad, ndipo akakubali. Habari hii twaipenda: mtu amefungiwa mlango wa riziki yake, na bado aiuliza dini yake kwanza.

Tusieleweke vibaya. Esquire lilikuwa jarida la wenye fedha, na Lois mwenyewe alikuwa fundi wa matangazo ya biashara. Lakini mwezi wa Desemba 1963 walimvika Sonny Liston, bondia Mweusi, kofia ya Baba Krismasi, na baadhi ya watangazaji wakaondoa matangazo yao. Mhariri, Harold Hayes, hakurudi nyuma. Oktoba 1966 alitoa jalada jeusi tititi, lisilo na picha, lenye maneno meupe tu: kilio cha askari aliyetambua kwamba kikosi chake kimempiga mtoto wa kike huko Vietnam.

Uko uvunjaji mwingine wa desturi ambao hatuusifu hata kidogo, wa herufi zilizopinduliwa na wanawake nusu uchi. Hiyo ni biashara ile ile iliyobadili kanzu.

Twayasema haya kwa ajili ya majarida yetu wenyewe, ya vyama vya wafanyakazi na ya mashirika. Fungueni makabati ya ofisi, ndugu, mtazame majalada ya mwaka mzima: mgeni rasmi akikata utepe, mgeni rasmi akivishwa shada, mgeni rasmi akipungia mkono. Mfanyakazi aliyekatwa vidole na mashine yumo ukurasa wa 14, kama yumo. Wala hatuombi viongozi wavunjiwe heshima. Wengi wao, tunaamini, wamekwisha kuchoka na utepe kuliko sisi. Twawauliza wahariri jambo moja: katika toleo lijalo, je, mtathubutu kuuweka mkono ule juu ya jalada, peke yake, pamoja na jina la mwenye mkono, akiridhia?