Moto na Mizani

Wako watu wasemao kwamba chakula cha Wakorea kimepata heshima siku hizi kwa sababu kimepata bei. Ushahidi wao ni mikahawa ya fahari ya Seoul, New York na Los Angeles, ambamo nyama ya ng'ombe huchomwa kwa moto katikati ya meza, na mlaji hulipa kwa jioni moja fedha ambazo zingelisha jamaa nzima kwa siku nyingi. Mwaka 2017 mkahawa wa namna hiyo uitwao Cote ulifunguliwa New York, na kabla mwaka haujaisha ukatunukiwa nyota ya Michelin. Kwa watu hao hoja imekwisha: kilichokuwa chakula cha kawaida sasa ni chakula cha waungwana. Hoja hiyo haina miguu ya kusimamia, na yafaa ipingwe.

Kwanza na itazamwe karamu yenyewe. Neno bulgogi maana yake ni nyama ya moto. Galbi ni mbavu. Lakini si moto wala mbavu viifanyavyo karamu hii kuwa ya Wakorea, maana hakuna taifa lisilojua kuchoma nyama. Kiifanyacho ni desturi ya mezani. Moto ni mmoja, na wote huuzunguka. Aliye mdogo kwa umri aghalabu hushika koleo na mkasi, akageuza nyama na kuikata kwa ajili ya wakubwa wake. Vitoweo vidogo, kimchi miongoni mwavyo, huwekwa katikati, na katika mkahawa wa kawaida hujazwa tena bila ya kudaiwa senti. Mtu huchukua jani la saladi, akaweka kipande cha nyama, kitunguu saumu na mchuzi mzito wa soya, akalikunja. Na mara nyingine halili yeye, bali humtia mwenzake kinywani. Hapo ndipo palipo na heshima ya chakula hiki: mkono wa mtu kumtumikia mtu mwingine bila ya malipo.

Katika mkahawa wa fahari mkono huo umeajiriwa. Mtumishi husimama kando ya meza, hugeuza nyama, huikata, na kugawa vipande sahani kwa sahani. Walaji hukaa mikono yao mapajani kama watazamaji wa mchezo. Moto ungali katikati, lakini hauna tena kazi ya kuwaunganisha, umekuwa pambo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Pili, itazamwe nyama yenyewe. Huko Korea Kusini nyama ya ng'ombe wa asili, hanwoo, hupangwa kwa daraja, na ya juu kabisa huandikwa 1++. Nguzo kubwa ya daraja hiyo ni wingi wa mafuta yaliyotapakaa ndani ya mnofu kama michirizi ya marumaru. Ili ayapate, ng'ombe hulishwa nafaka miezi mingi, na gharama humwelemea mfugaji. Desemba 2019 kanuni zililegezwa, kiasi cha mafuta kinachotakiwa kwa daraja hiyo kikashushwa kutoka asilimia 17 hadi 15.6, ili muda wa kunenepesha upungue. Basi kile ambacho mlaji hukisifu kuwa ubora wa milele ni mstari uliochorwa na wanadamu, na wanadamu hao hao wakausogeza. Anayelipia daraja akidhani amenunua utamu wa asili amenunua kanuni.

Tatu, nalo ni kubwa kuliko yote, ukumbukwe mkono ukatao. Chini ya wafalme wa Joseon, ambao utawala wao ulianza mwaka 1392, kuchinja ng'ombe kulipigwa marufuku mara kwa mara, kwa kuwa ng'ombe ndiye aliyevuta plau. Wachinjaji, walioitwa baekjeong, walihesabiwa kuwa watu duni; waliishi mbali na wengine, wakanyimwa hata mavazi ya heshima. Sheria ya ubaguzi ilifutwa mwaka 1894, lakini dharau haikufutwa kwa kalamu: watoto wao waliendelea kukataliwa mashuleni. Kwa sababu hiyo mwaka 1923, katika mji wa Jinju, kilianzishwa chama cha Hyeongpyeongsa, ambacho jina lake lina maana ya usawa kama wa mizani. Mizani ilikuwa chombo cha kazi yao. Leo neno baekjeong limeandikwa juu ya milango ya mikahawa kuwa sifa ya biashara, na wangapi wapitao chini yake wajua kwamba lilikuwa tusi?

Itajibiwa kwamba mchomaji stadi haunguzi nyama ya thamani, na kwamba mfanyakazi apaswa kulipwa vizuri. Yote mawili ni kweli. Ustadi wastahili ujira, na bei kubwa si dhambi ikiwa imemfikia mfugaji, mkataji na mchomaji. Lakini hiyo ni hoja ya kutetea mshahara wa haki, wala si hoja ya kuifanya bei kuwa kipimo cha heshima. Kama bei ndiyo heshima, basi meza ya mzee wa Seoul anayechomewa mbavu na mjukuu wake haina heshima yoyote. Na hakuna mwenye akili timamu atakayethubutu kusema hivyo.

Chakula hakikuwa kimeanguka hata kikahitaji kuinuliwa na matajiri. Walioangushwa walikuwa watu, nao walijiinua wenyewe kwa kudai mizani iliyo sawa. Mlaji atakaye kuwaheshimu na achukue koleo kwa mkono wake, amkatie aliye karibu naye, na aulize nyama ile imetoka kwa nani.