Damu ya watoto wetu nayo isomwe

Kuna jibu moja ambalo nimelichoka. Ukiuliza kwa nini inchi yetu haitii nguvu katika utafiti wa protini za damu juu ya sepsisi, unaambiwa: "Hayo ni mambo ya Ulaya, sisi hata glavu hazitoshi." Mimi nakataa.

Sepsisi ni nini? Mikrobe inaingia, mwili unajitetea, lakini unapita kiasi na kujiumiza wenyewe: mapafu, figo na moyo vinaanza kushindwa. Mwaka 2017 ilipata watu karibu milioni 49 duniani, na milioni 11 walikufa. Wagonjwa zaidi ya milioni 20 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Hapa kwetu mutoto akiwa na homa kali tunasema "ni palu", kisha tunazika.

Vita hiyo ya mwili inaacha alama katika damu. Protini zingine zinapanda, zingine zinashuka, saa kwa saa. Kuna mashine zinazopima uzito wa vipande vyake na kutambua mamia ya protini katika damu kidogo tu. Kwa njia hiyo watafiti wanatafuta kujua nani atazidiwa kabla hajazidiwa.

Lakini ni damu ya nani inayosomwa? Zaidi ni ya wagonjwa wa inchi tajiri. Angalieni CRP, protini inayopimwa katika labo nyingi: palu nayo inaipandisha. Kipimo kinachomsaidia muganga wa Brussels kinaweza kumupoteza muganga wa hapa. Na kule Kisantu, Kongo-Central, watafiti wamekuta salmonela katika damu ya watoto wengi wadogo, mara nyingi pamoja na palu. Nguo ya kuazima haisitiri.

Tusiambiwe kwamba hatuwezi. Mwaka 1976 damu ya Yambuku ilipelekwa Antwerp ili Ebola ijulikane. Leo INRB inaitambua yenyewe, hapa inchini.

Glavu na utafiti si maadui. Serikali itoe umeme, friza na vifaa vya kuotesha mikrobe ya damu. Wageni wanaochukua damu yetu wafundishe vijana wetu kuisoma. Na wewe muzazi, mutoto mwenye homa akipumua mbio ao akilegea, usianzie kwenye duka la dawa. Kimbia hospitali.