Vekta Moja Ihesabiwe Moja

Ninyi mliosikia maneno ya wanaozibeza vekta katika bloku za Python za GNU Radio, shikeni mizani. Hoja zao nitazitaja kama walivyozitoa.

Wanasema vekta ni mkondo uleule uliofungwa mafungu, kwa hiyo bloku ipokee sampuli mojamoja, na `work` ijikatie yenyewe. Kwamba data haibadiliki, kweli. Lakini GNU Radio haikuahidi sampuli 1024 kila inapoita `work`. Zikija 4000, mafungu matatu yanatimia na sampuli 928 zinabaki mikononi mwako. Mlango ukitangazwa `(np.complex64, 1024)`, kipengee kimoja ni baiti 8192, na nusu yake haifiki kamwe.

Wanachojivunia zaidi ni hiki: bloku inayotoa kilele kimoja kwa kila vekta ya 1024 sharti iwe `decim_block` ya 1024, maana namba 1024 zimeingia na moja imetoka. Hesabu ni safi; kilichohesabiwa ndicho sicho. GNU Radio huhesabu vipengee. Imeingia vekta moja, imetoka namba moja: hiyo ni kazi ya `sync_block`. Ukiwafuata, utangoja vekta 1024, yaani sampuli 1,048,576, upate jibu moja. Cha kuchekesha, msimbo wao wenyewe unaishia na `return len(output_items[0])`, ambayo ni idadi ya vipengee. Wakipokea wanahesabu sampuli, wakitoa wanahesabu vipengee. Waamue.

Eti kuandika `output_items[0] = matokeo` kunatosha, kwa sababu kosa halionekani. Halionekani kwa kuwa Python imebadilisha tu kilichomo kwenye orodha; bafa haikuguswa, na bloku inayofuata itasoma chochote kilichokuwamo. Andika `output_items[0][:] = matokeo`.

Mwisho wanailaumu Python kwa uzembe. C++ ina kasi zaidi, sikatai. Ila kitanzi kinachopita sampuli mojamoja kimetoka wapi, kama si katika ushauri wao wa kwanza? Vekta hufika kama jedwali la NumPy, na `np.abs(x).max(axis=1)` humaliza safu zote kwa mkupuo.

Msiniamini mimi wala wao. Chapisheni `input_items[0].shape` ndani ya `work`: namba ya kwanza ni vekta mlizopewa, ya pili ni urefu wa kila moja.