Bingwa wa Karne Tupu Kashuka Muheza, Sasa Anatafuta Dhahabu ya Mjerumani

Jina lake lihifadhiwe, mashabiki wa anime Bongo wanamjua kwa sauti tu. Ndiye yule anayeshusha video za dakika arobaini kuhusu Karne Tupu ya One Piece, ile miaka 100 ambayo Serikali ya Dunia imeifuta vitabuni, habari zake zikabaki kwenye mawe ya Poneglyph. Kwenye hilo apewe maua yake. Eiichiro Oda alianza manga hiyo mwaka 1997 na mpaka leo watu wanakesha wakiunganisha vipande. Joy Boy alikuwa nani? Mjadala mtamu, haumuumizi mtu.

Shida imeanza alipoenda kwao Muheza likizo.

Ghafla Karne Tupu imehamia Usambara. Video tatu mfululizo: Wajerumani waliificha historia ya milima, pale Amani kuna hazina chini, alama kwenye mawe ni "Poneglyph zetu". Ushahidi? Jiwe lenye mkwaruzo na muziki wa kutisha. Sasa imewekwa na namba ya kuchangia kifaa cha kupimia dhahabu. Madogo wanatuma buku buku, na wengine wameshaanza kuchimba usiku kwenye mashamba ya watu.

Taratibu basi. Amani haikuwa ghala la dhahabu. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua pale kituo cha utafiti wa kilimo na mimea, wakawa wanajaribu miti ya kila aina. Na ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 anayoionyesha, yenye tembo, ilipigwa mwaka 1916 vita ikiwa imewabana, kwenye karakana ya reli Tabora. Tabora, kaka. Muheza iko wapi hapo?

Kinachokera zaidi ni kwamba One Piece yenyewe hajaielewa. Robin hatambi kwa nadharia kali, anatamba kwa sababu anajua kusoma yale mawe. Wasomi wa Ohara walichomewa kisiwa kwa sababu ya kusoma, siyo kwa kubuni.

Na cha kusoma kipo hapo hapo kwao. Habari za Wakilindi, ya Abdallah bin Hemedi, kimeandikwa kwa Kiswahili na kupigwa chapa na misheni ya Magila, Muheza hiyo hiyo, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwaka 1962 kikatolewa tena. Ndani yumo Mbegha: mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego, akakimbia kwao Ngulu, akapanda Usambara na mbwa wake wa kuwindia nguruwe, akagawa nyama mpaka watu wakamfanya mfalme. Hiyo ni sura ya kwanza ya manga, imekaa bure.

Akitaka historia iliyofichwa, ipo pia. Kimweri ye Nyumbai alipokufa mwaka 1862, wakubwa wa Kikilindi wakagombana, na katika vurugu hizo Wabondei, watu wa Muheza, wakainuka dhidi ya Wakilindi. Mapinduzi hayo yanaitwa Kiva. Sasa, Abdallah bin Hemedi alikuwa mtu wa karibu na Semboja, mtoto wa Kimweri. Mtu wa upande wa wafalme akisimulia Kiva, Mbondei wa kawaida anaachwa wapi? Hilo ndilo swali la Karne Tupu kweli kweli, na halihitaji koleo. Linahitaji kukaa na wazee. Steven Feierman, Mmarekani, alikuja kuwasikiliza wazee wa Kishambaa miaka ya 1960, kitabu kikatoka mwaka 1974. Mwenye kwao anazunguka na jiwe la mkwaruzo.

Watetezi wake wanasema "ni burudani tu, mnakaza sana". Burudani gani ina namba ya kuchangia? Arudishe kwanza hela za madogo na awaambie wafukie yale mashimo, mvua haijaanza. Halafu arudi kwa Joy Boy, kule bado watu wanamsubiri.